Msaidie Mnyama wa Porini, Lakini Linda Mkono Wako

Katika safu hii ya afya tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, choo, chakula cha watoto na malaria. Leo tuzungumze juu ya wanyama wadogo wa porini tunaowakuta mashambani. Huenda ukajiuliza, wanyama hao wanahusu nini afya yetu? Soma mpaka mwisho, utaona.

Mkulima hukutana na wanyama hawa mara kwa mara. Anapalilia, anamwona mtoto wa sungura amelala chini ya majani. Anakwenda kuchota maji, anamkuta nguchiro ametumbukia kisimani. Anaangalia wavu wa bustani, anamkuta bundi amenaswa. Anafyeka, anamwona funo mdogo amelala peke yake.

Wengi wetu tuna huruma. Hatupendi kumwona kiumbe akiteseka. Huruma hiyo ni njema. Tena baadhi ya wanyama hawa hutufaa. Bundi hula panya wanaomaliza mahindi yetu. Kakakuona hula mchwa. Popo wengi hula wadudu.

Lakini mnyama wa porini hajui kwamba unamsaidia. Akikuona anaona adui. Kwa hiyo atauma au atakwaruza. Na katika mate yake huenda umo ugonjwa unaoua. Nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe.

MBWEHA KATIKA SHIMO LA CHOO

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, mkoa wa Lindi. Jambo hili lilitokea katika mwaka wangu wa kwanza kazini, baada ya kupata cheti.

Mkulima mmoja alikuwa akichimba shimo la choo karibu na shamba lake la mikorosho. Asubuhi moja alimkuta mbweha ndani ya shimo. Wengine humwita bweha. Mbweha huyo hakubweka wala hakujaribu kuruka nje. Alisimama tu, akiyumba. Mkulima alimwonea huruma. Akaingia shimoni, akamkamata kwa mikono mitupu. Mwanawe wa miaka 10 alikuwa juu, akampokea mbweha na kumweka chini. Mbweha akaenda zake porini, akipepesuka.

Katika kushikana huko mbweha alimuuma baba kidoleni. Kidonda kilikuwa kidogo kama cha mwiba. Hakukiosha kwa sabuni. Alifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Baada ya siku chache kidonda kilipona, naye akasahau.

Miezi miwili ikapita. Ndipo alipokuja zahanati. Alikuwa na homa, na mkono ulikuwa ukimchomachoma. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nilimwuliza, "Mzee, umewahi kuumwa na mbwa?" Akajibu, "Hapana, mwanangu. Sijaumwa na mbwa." Nikampa dawa ya kutuliza homa, nikamwambia arudi kesho.

Kesho yake aliletwa na ndugu zake. Alikuwa na kiu, lakini kila alipopewa maji koo lilibana naye akashtuka kwa hofu. Tulimpeleka hospitali ya wilaya. Daktari wa huko hakuuliza juu ya mbwa. Alimwuliza mke wake, "Je, mume wako ameumwa na mnyama yeyote?" Mama akakumbuka habari ya mbweha. Siku ya tatu mgonjwa alifariki.

Ndugu msomaji, hata kama ningeuliza vizuri siku ile, nisingeweza kumwokoa. Dalili zilikuwa zimekwisha kuanza, na zikianza hakuna dawa ya kuponya. Lakini yule mama alitaja jambo jingine. Alisema mtoto naye alimshika mbweha, na siku hiyo alikuwa na michubuko mikononi. Mtoto alikuwa hajaanza kuugua. Alipigwa sindano za chanjo siku ile ile, akamaliza zote. Leo yu mzima, naye anasoma darasa la tano.

Tangu siku hiyo nimebadili swali langu. Siulizi tena, "Umeumwa na mbwa?" Nauliza, "Umeumwa, umekwaruzwa au umelambwa na mnyama yeyote?" Nanyi nyumbani waulizeni watoto wenu hivyo hivyo.

KICHAA CHA MBWA SI CHA MBWA PEKE YAKE

Ugonjwa uliomwua mkulima huyo huitwa kichaa cha mbwa. Huletwa na kijidudu kidogo sana kiitwacho kirusi. Vikiwa vingi huitwa virusi. Virusi hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini mwa mtu kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yanapogusa kidonda, jicho au mdomo.

Ni kweli kwamba mbwa ndiye anayetuambukiza zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani. Katika kila wagonjwa 100, hadi 99 huambukizwa na mbwa. Lakini wanyama wengine wenye kunyonyesha huweza kuupata pia. Mbweha, nguchiro, kanu, nyegere na fisi wanaweza kuwa nao. Paka, mbuzi na ng'ombe huupata wakiumwa na mnyama mgonjwa. Hapa kwetu kusini, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, wataalamu wameona kwamba mbweha wana sehemu kubwa katika kuueneza, pamoja na mbwa.

Virusi vikiingia kidondani haviui siku hiyo hiyo. Husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu. Mara nyingine ni wiki moja tu, na mara nyingine hupita mwaka. Kidonda cha kichwani au usoni ni cha hatari zaidi, maana kiko karibu na ubongo.

Safari hiyo ya polepole ndiyo nafasi yetu ya kuokoa maisha. Chanjo ikitangulia, mtu hupona. Virusi vikitangulia kufika kwenye ubongo, mtu hufa.

Chanjo hii si kitu kigeni. Ilitumiwa kwa binadamu mwaka 1885 nchini Ufaransa. Mtaalamu Louis Pasteur alimpa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo hakuugua. Zamani watu walichomwa sindano nyingi tumboni, na wengi waliziogopa. Siku hizi sindano ni chache, na mtu mzima hupigwa begani. Usiogope.

UKIUMWA AU UKIKWARUZWA, FANYA HIVI

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni. Osha kwa dakika 15. Kama huna saa, mwambie mtu akumwagie ndoo nzima ya maji polepole huku ukisugua kwa sabuni. Sabuni yoyote yafaa, hata ya kufulia. Sabuni huviharibu virusi, na maji huviondoa.

2. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Usiweke jiwe la nyoka. Vitu hivi haviui virusi, tena huongeza uchafu katika kidonda.

3. Usikifunge kwa kukikaza. Kifunike kwa kitambaa safi tu.

4. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba. Mweleze mganga ni mnyama gani, na alikuwa katika hali gani. Zahanati nyingi hazina chanjo hii, hivyo mganga atakuandikia barua ya kwenda hospitali. Atakupa pia kinga ya pepopunda kama unaihitaji.

5. Maliza sindano zote kwa tarehe utakazoandikiwa. Wengi huacha baada ya ya kwanza kwa sababu wanajiona wazima. Kujiona mzima si dalili ya kupona, maana ugonjwa huu hujificha.

6. Kama uliumwa zamani kidogo na hukwenda, usiseme, "Nimechelewa." Nenda leo. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo ina kazi.

Nauli na gharama za matibabu ni mzigo kwa mkulima. Najua hivyo, maana nimeona watu wakiuza kuku na hata mbuzi ili waende hospitali. Kama mwenzenu ameumwa na hana nauli, mwambieni balozi au mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo. Msingoje mpaka wiki iishe.

JE, MNYAMA HUYU ANAHITAJI MSAADA?

Sasa turudi shambani. Kabla ya kumshika mnyama, simama mbali kidogo umtazame. Mara nyingi tunamwokoa mnyama ambaye hakupotea.

Sungura wa porini huwaficha watoto wake majanini. Yeye huenda kula mbali, akarudi mara chache kuwanyonyesha, zaidi usiku. Funo na digidigi hufanya vivyo hivyo. Mtoto hulala kimya, hatikisiki hata ukimkaribia. Watu husema, "Maskini, mama yake amemtupa." Wanambeba nyumbani na kumpa maziwa ya ng'ombe. Tumbo lake linaharibika, naye hufa baada ya siku chache. Jioni mama anarudi mahali pale, hamkuti mtoto.

Basi ukimkuta mtoto wa namna hiyo, mwache. Palilia upande mwingine, umalizie hapo kesho. Fukuza mbwa wako wasimfikie.

Kinda la ndege likiwa tayari lina manyoya na linarukaruka chini, mara nyingi linajifunza kuruka. Wazazi wake wako karibu. Liache.

Mnyama anayehitaji msaada ni yule aliyetumbukia shimoni au kisimani, aliyenaswa katika wavu au waya, au mtoto ambaye umemwona mama yake amekufa.

Lakini tahadhari! Mnyama wa porini aliye mzima humkimbia mtu. Mbweha akija mchana mpaka uani bila woga, si mpole huyo, yaelekea ni mgonjwa. Vile vile yule anayeyumba, anayetoka mate mengi, au anayeuma vijiti na mawe. Huyo usimsaidie kwa namna yoyote. Ingiza watoto ndani, funga mbwa, na mwite afisa mifugo au afisa wanyamapori. Laiti mkulima yule angalijua hivyo, asingaliingia shimoni.

NAMNA YA KUSAIDIA BILA KUSHIKA

Wanyama wengi waweza kuokolewa bila kuguswa.

Aliyetumbukia shimoni: chukua gogo au ubao mrefu wenye magamba. Uteremshe shimoni kwa kulaza, mfano wa ngazi. Kisha ondokeni wote, mkae mbali. Usiku atapanda mwenyewe.

Aliye kisimani: teremsha kapu au ndoo kwa kamba, apande ndani yake. Akifa humo, msinywe maji hayo. Mtoeni kwa ndoo au wavu, myatoe maji na kukisafisha kisima kama mganga au afisa afya atakavyowaelekeza.

Aliyenaswa katika wavu: mfunike kwanza kwa gunia zito, kichwa na macho. Mnyama asiyeona hutulia. Mkandamize taratibu kwa gunia hilo, kisha mwenzako akate nyuzi kwa kisu kirefu. Vaeni viatu vya mpira na glavu nene kama mnazo. Mikono isikaribie mdomo wala kucha. Bundi hana kichaa cha mbwa, lakini kucha zake hukata kama wembe, na kidonda hicho chaweza kuleta pepopunda.

Kakakuona: akiogopa hujikunja kama mpira. Haumi, maana hana meno. Msimpige wala kumfungua. Ondokeni, naye atajikunjua aende zake.

Ukiwa na kazi ya kuchoma majani shambani, kwanza pita shambani ukipiga kelele na kugonga debe. Usiwashe moto pande zote nne. Acha upande mmoja wazi ili wanyama watoke. Na kama waweza kuacha kuchoma na kuyatandaza majani hayo, udongo wako utapata rutuba.

WANYAMA WA KUTOGUSA KABISA

Popo. Ukimkuta chini, usimshike. Wapo popo wa mapangoni wanaokula matunda ambao hubeba virusi vya Marburg. Ugonjwa huo ulitokea mkoa wa Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025, ukaua watu. Tunda lililoumwa na popo usilile.

Panya. Panya huwa nadra kuwa na kichaa cha mbwa, lakini viroboto wake huweza kuleta tauni. Watu wa wilaya ya Lushoto wanaujua ugonjwa huo. Tangu mwaka 1980 uliwasumbua kwa miaka mingi. Mkiona panya wengi wamekufa bila kutegewa sumu, msiwaguse kwa mikono. Toeni taarifa zahanati.

Mnyama yeyote aliyekutwa amekufa porini. Usimchune wala kumla. Huenda amekufa kwa kimeta au ugonjwa mwingine.

USIMFANYE MTOTO WA NYUMBANI

Watoto wetu hupenda kufuga komba, kima au mtoto wa kanu. Akiwa mdogo hucheza nao vizuri. Akikua anarudia tabia yake ya porini, naye huuma. Pia sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Mtoto aliyefiwa na mama yake mweke katika boksi lenye matundu na kitambaa, mahali pakavu penye kivuli, mbali na watoto na mbwa. Kisha mwite afisa wanyamapori aje amchukue.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Ngao kubwa ya kijiji ni mbwa aliyechanjwa. Wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Afisa mifugo akitangaza siku ya chanjo, wapeleke mbwa na paka wako wote, wakubwa kwa wadogo. Mbwa aliyechanjwa akipigana na mbweha shambani, hataleta ugonjwa nyumbani kwako.

Pia wafundisheni watoto maneno mawili: usishike, sema. Wasimshike mnyama wa porini. Na wakiumwa au kukwaruzwa, waseme. Mtoto akisema, usimpige. Mtoto anayeogopa fimbo huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa ndicho kinachoua.

Lile shimo la choo lilimalizwa na majirani. Siku hizi, wakati wa kuchimba shimo jipya, watu wa kijiji kile hulifunika kwa miti kila jioni. Na asiyefunika huliwekea gogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mkulima yule alijibu kwamba hajaumwa na mbwa? Tungeuliza swali gani nyumbani kwetu?
2. Utajuaje kwamba mbweha ni mgonjwa?
3. Eleza mambo sita ya kufanya mtu akiumwa na mnyama.
4. Kwa nini mtoto wa funo aliyelala peke yake aachwe mahali alipo?
5. Katika kijiji chetu kuna mashimo na visima vingapi visivyofunikwa? Nani atavifunika, na lini?